Kishikwambi Kabatini, Mwalimu Dukani



Ndugu msomaji, Jumamosi moja hivi karibuni niliingia katika duka la steshenari hapa Bilele kutoa nakala ya cheti cha kuzaliwa. Mbele yangu alikuwapo mwalimu wa shule ya msingi, mama wa makamo aliyejitanda mtandio wa kijivu. Kijana wa dukani alipomwona alinyanyuka kwenye kiti. "Shikamoo, mwalimu." Naye akaitika, "Marahaba, mwanangu." Nikafahamu kwamba kijana yule alipita mikononi mwake.

Mwalimu akafungua mkoba, akatoa kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne, akamkabidhi kijana. Juu ya karatasi ile palikuwa na cheki namba yake na nywila ya kuingilia katika mfumo wa watumishi. Kijana akaingia, akabonyeza hapa na pale, akamuuliza, "Mwalimu, wiki hii nikuandikie umefanya nini?" Mwalimu akamwambia aandike kama alivyowaandikia wenzake. Alilipa fedha zake akasogea pembeni, na tulipokuwa tunasubiri nilithubutu kumuuliza kama hakupata kishikwambi kama walimu wengine. Akajibu kwa sauti ya chini: "Ninacho. Nimekifungia kabatini. Nikikiharibu nitadaiwa, na wa kunielekeza sina."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike safu ya juma hili. Mwalimu huyu hakuwa mvivu, wala hakuwa mjinga. Ni mtu aliyekwishafundisha mamia ya watoto wa mji huu kusoma na kuandika. Lakini siku ile alikuwa anamlipa mwanafunzi wake wa zamani amwandikie kazi aliyoifanya yeye mwenyewe, na alikuwa amekwishamwachia ufunguo wa mambo yake yote ya utumishi, pamoja na mishahara na mikopo.

Tuyatazame mambo yalivyofika hapa. Wizara ya elimu ilitoa sera ya kutumia TEHAMA katika elimu mwaka 2007. Mwaka huo walimu wengi tulionao leo walikuwa wamekwishamaliza vyuo, nao walifundwa kwa chaki, ubao na zana za kukata kwa makasha ya karatasi. Miaka ikapita bila mabadiliko makubwa kuonekana madarasani. Kisha mambo yakaja kwa kufuatana. Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na watoto wakaambiwa wafuate vipindi vya redio na runinga hadi zilipofunguliwa Juni. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, Serikali iliamua vishikwambi walivyotumia makarani vipewe walimu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikatolewa upya katika toleo la 2023, na mitaala mipya ikaanza kutumika kwa awamu Januari 2024. Wakati huohuo fomu za karatasi za kupima utendaji wa mtumishi, zile tulizoziita OPRAS, zikaondolewa, na mahali pake ukaja mfumo wa PEPMIS unaojazwa kwa mtandao.

Kila moja katika mambo hayo lina manufaa yake, na sikusudii kulipinga hata moja. Lakini yahesabu kwa macho ya mwalimu mmoja. Katika miaka minne hivi ametakiwa abadili anachofundisha, namna ya kukifundisha, namna ya kutoa taarifa zake na namna ya kupimwa, naye bado ana vipindi vilevile, madaftari yaleyale ya kusahihisha, na nyumbani ana watoto wake.

Ongeza hapo tofauti ya mahali. Sisi wa Bilele tuko katikati ya manispaa ya Bukoba. Umeme tunao, minara ya simu tunaiona, na duka la steshenari liko kila baada ya hatua chache. Ndugu zetu wa Muleba hali yao si moja. Mwalimu wa Muleba mjini anaweza kufanana na wa Bilele, lakini yuko mwalimu wa Bumbire, wa Goziba, wa Ikuza na wa Mazinga, kata za visiwani ndani ya Ziwa Viktoria, ambaye kwenda wilayani kwake ni safari ya mtumbwi au boti. Akiambiwa kwamba somo liko mtandaoni, huyo anajiuliza kwanza habari za chaji, kisha habari za mtandao, kisha habari za bando, ambalo mara nyingi hulinunua kwa fedha za mfukoni mwake.

Ndiyo maana wako walimu wanaonunua andalio la somo na azimio la kazi vilivyokwisha kuchapwa. Mmoja huandika, mia wakanakili, na jina la shule likabadilishwa juu. Mkaguzi akija anakuta karatasi safi. Lakini andalio la somo halikuwekwa kwa ajili ya mkaguzi. Liliwekwa ili mwalimu, usiku kabla ya kipindi, akae peke yake afikirie watoto wake: yupi hakuelewa jana, mfano gani utamfaa mtoto wa mvuvi, swali gani lianze. Likiandikwa na mtu wa dukani asiyemjua hata mtoto mmoja, kazi hiyo ya kufikiri haikufanyika. Hasara hiyo haionekani katika mfumo wowote. Anayeibeba ni mtoto wako na wangu.

Tatizo hili si letu peke yetu. Peru, huko Amerika ya Kusini, ilinunua mamia ya maelfu ya kompyuta ndogo ikazigawa kwa watoto wa shule chini ya mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kompyuta ziliongezeka kweli mikononi mwa watoto, lakini alama za hisabati na lugha hazikupanda. Jirani zetu wa Kenya waliahidiwa mwaka 2013 kompyuta mpakato kwa watoto wa darasa la kwanza. Vifaa vilianza kugawiwa mwaka 2016 vikiwa vishikwambi, na mjadala mkubwa uliofuata ulihusu umeme, usalama wa vifaa na maandalizi ya walimu. Mwaka 2023 UNESCO ilitoa ripoti nzima juu ya teknolojia katika elimu, na nasaha yake kubwa ni kwamba chombo kimsaidie mwalimu, kisiwekwe mahali pake.

Lakini kwa nini twende mbali hivyo? Mkoa wetu wenyewe una ushahidi wa zamani. Ulipokuwa ukiitwa Mkoa wa Ziwa Magharibi, kati ya mwaka 1968 na 1972, ulikuwa miongoni mwa mikoa minne ya kanda hii iliyochaguliwa kwa majaribio ya elimu ya watu wazima yenye manufaa, chini ya UNESCO, makao yake yakiwa Mwanza. Vitabu vya kusomea vilihusu shughuli za watu wenyewe: migomba, pamba, uvuvi. Aliyekuwa analima alijifunza herufi kwa maneno ya shambani kwake. Na wale waliofundisha, wengi wao wakiwa watu wa kujitolea, walipewa mafunzo kwanza ndipo wakakabidhiwa darasa.

Kisha ikaja kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973. Chombo cha wakati ule kilikuwa redio. Wazee wetu wanakumbuka watu walivyokusanyika chini ya mti kuizunguka redio moja, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Tunapoikumbuka kampeni ile husifu redio. Tunasahau kwamba kabla redio haijasema neno, makumi ya maelfu ya viongozi wa vikundi nchi nzima walikuwa wamekwishafunzwa namna ya kuongoza mazungumzo, na vijitabu viko mikononi mwao. Mtu aliandaliwa kabla ya chombo kuwashwa. Sisi wa leo mara nyingi tumeanza na chombo, tukatarajia mtu atajiandaa mwenyewe.

Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilitukuta siku chache kabla ya Idi el-Hajj. Hatutawasahau waliofariki, Allah awarehemu. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato zilibomoka zikajengwa upya, na tulishukuru. Katika kujenga kule hakuna fundi aliyeezeka paa kabla ya kusimamisha nguzo. Katika elimu, nguzo ni mwalimu.

Yapo mambo yanayokwenda vizuri, na insafu inatutaka tuyataje. Uko mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaofupishwa kuwa MEWAKA, ambao unawataka walimu wakutane katika jumuiya za kujifunza, shuleni kwao na katika vituo vya walimu, wafundishane wao kwa wao. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni, na mwalimu anaweza kuvisoma bila kusubiri nakala. Mpango wa kukutana walimu kwa walimu naona ndio wenye baraka zaidi, kwa kuwa mwalimu akielekezwa na mwenzake wa darasa la pili haoni aibu kama anavyoona akielekezwa na mgeni kutoka makao makuu kwa siku mbili. Unachohitaji ni muda uliotengwa kweli ndani ya ratiba, usiowekwa saa kumi jioni baada ya mwalimu kuchoka.

Sasa niseme juu ya aibu, kwa maana nadhani ndiyo iliyokifunga kile kishikwambi kabatini kuliko kufuli.

Katika jamii yetu mwalimu ni mjuzi. Mtoto husema, "Mwalimu kasema," na maneno ya baba yanaanguka. Heshima hiyo ni njema. Lakini ina mtego wake: mwalimu anaogopa kuonekana hajui, hasa mbele ya mtoto wa miaka kumi na mbili ambaye anaichezea simu janja ya baba yake bila woga. Basi mwalimu huahirisha. Leo atasema mtandao mbovu, kesho atasema chaji imekwisha, na mwaka unapita.

Dini yetu haikutulea hivyo. Tunasoma katika Surat al-Kahf kisa cha Nabii Musa (a.s.), mtume aliyesemeshwa na Mola wake, alivyofunga safari ndefu kumfuata mja aliyepewa elimu ambayo yeye hakuwa nayo. Hakumtuma mtu amletee. Alikwenda mwenyewe, akaomba ruhusa ya kufuatana naye ili afundishwe, na alipoambiwa kwamba hataweza kusubiri, akaahidi subira. Kuomba kule hakukumpunguzia utume. Wanavyuoni wetu wameijenga juu ya kisa hicho adabu ya mwanafunzi, nasi tungeweza kujenga juu yake adabu ya mwalimu vilevile.

Imepokewa pia kwamba Mtume (s.a.w.) alipofika Madina alimwamuru Zayd bin Thabit (r.a.), aliyekuwa kijana mdogo, ajifunze maandishi ya Mayahudi, ili barua ziandikwe na kusomwa na mtu wa kuaminika. Zayd akajifunza kwa muda wa nusu mwezi hivi. Mafunzo mawili yamo humo. La kwanza, haja mpya ilipotokea, Mtume hakulalamikia haja, aliandaa mtu. La pili, kazi yenye siri na amana haikuachiwa mtu wa nje kwa kuwa tu yeye ndiye ajuaye maandishi. Mwalimu anayemkabidhi kijana wa dukani nywila yake alitazame hilo. Kijana anaweza kuwa mwaminifu, na huyu niliyemwona alikuwa na adabu. Lakini karatasi ile inabaki mezani, na meza ile ina watu wengi.

Na baada ya Badr, mwaka wa 2 Hijria, baadhi ya mateka wasiokuwa na mali ya kujikomboa walitakiwa wawafundishe watoto wa Ansari kuandika, uwe ndio ukombozi wao. Waliofundisha wakati ule walikuwa mushrikina waliotoka vitani. Kama elimu ya kalamu ilipokewa kwao bila kuona unyonge, mwalimu wa leo hana sababu ya kuona unyonge kuipokea elimu ya kioo kutoka kwa mwanafunzi wake aliyemlea.

Yote haya yanawahusu pia ustadhi na ustadhati wa madrasa zetu. Watoto waliokuwa wakimuuliza ustadhi hukumu ya jambo sasa wanaiuliza simu, na simu huwajibu upesi, kwa sauti ya kujiamini, bila kuwaambia jibu limetoka kwa nani. Ustadhi asiyejua kilichomo ndani ya simu hawezi kumwonya mtoto ila kwa kuikataza, na katazo bila maelezo huishia mlangoni mwa madrasa. Ustadhi anayejua atamwonyesha: huyu ni mwanachuoni anayejulikana, huyu hajulikani, hapa hadithi imetajwa bila kuelezwa imepokewa na nani. Hiyo ni elimu ya kutafiti habari, jambo ambalo Surat al-Hujurat imetuamuru kabla ya kuamini anachotuletea mtu asiyeaminika.

Baada ya hayo, ni lipi linaloweza kufanywa na sisi wazazi? Naona mambo manne, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

La kwanza ni ulimi. Mtoto akirudi nyumbani akacheka kwamba mwalimu hakuweza kuwasha projekta, usicheke naye. Mwambie, "Ulimsaidia?" Kama alijua na akanyamaza, mfundishe kwamba kesho akamsaidie kwa adabu, kwa sauti ndogo, amwachie mwalimu abonyeze mwenyewe.

La pili ni kamati za shule. Wazazi tulio wajumbe huulizia sana madawati na matundu ya vyoo, na ni haki. Tuulize pia: vishikwambi viko wapi? Vinatumika? Bando linalipwa na nani? Walimu wamepewa lini muda wa kujifunza? Tukichangishana kwa sherehe ya mahafali, hatushindwi kuchangia intaneti ya ofisi ya walimu kwa muhula mmoja.

La tatu ni misikiti yetu. Miongoni mwa waumini wamo vijana waliosomea kompyuta vyuoni, wengine bado wanasubiri ajira. Baada ya Alasiri, siku mbili kwa juma, ukumbi wa madrasa unaweza kuwa darasa la walimu na maustadhi, wanaume kwa wakati wao na wanawake kwa wakati wao. Hapahitajiki wafadhili. Panahitajika meza, umeme na kijana mwenye subira, naye ana thawabu ya elimu inayonufaisha baada yake.

La nne linawahusu walimu wenyewe, nami nalisema kwa heshima. Anza na jambo moja. Usianze na mfumo mzima. Juma hili jifunze kubadili nywila yako, iwe yako peke yako. Juma lijalo fungua kitabu kimoja cha somo lako. Juma la tatu andika andalio la kipindi kimoja kwa vidole vyako, hata likichukua usiku mzima. Wala usidhani kwamba chaki imekuwa aibu. Mwalimu anayejua somo lake na kuwajua watoto wake, akiwa na chaki na kipande cha mgomba cha kuonyeshea, atamshinda anayesoma maandishi ukutani. Tunakutaka ujue chombo ili uweze kuamua lini kinafaa na lini hakifai, na uamuzi huo hawezi kuufanya asiyekijua.

Serikali nayo tunaikumbusha kwa wema: kila mfumo mpya uje na muda wa kuufundisha, na wa visiwani wahesabiwe pamoja na wa mjini tangu mwanzo.

Siku ile pale dukani, wateja walipopungua, kijana alimgeukia mwalimu akamwambia, "Mwalimu, ulete kile kishikwambi. Nikifunga duka nitakuelekeza, sitaki pesa." Mwalimu hakujibu upesi. Alitazama chini, akakichukua kile kipande cha karatasi kilichokuwa bado mezani, akakirudisha mkobani. Kisha akauliza, "Unafunga saa ngapi?" Kijana akamjibu kuwa ni baada ya Magharibi.

Sijui kama alirudi. Namuomba Allah (s.w.) awe alirudi, amfungulie yeye na walimu wetu wote, amlipe kheri kijana yule, na atujaalie sisi wazazi kuwa miongoni mwa wanaowabebea walimu mzigo wao. Amin.

Wabillahi tawfiq.